Ngao Isiyoonekana: Historia ya Gesi ya Kuchomelea, Kutoka Mang'ola Hadi Mlima Lengai

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani Karatu, nikamkuta kaka yangu ameinama uani juu ya mashine ndogo ya kuchomelea. Mashine ya mtumba, ya aina ya MIG, ile inayosukuma waya yenyewe huku ukibonyeza kitufe kwenye mkono wake. Kaka si fundi kwa ajira. Anachomelea kwa kuwa anapenda tu, jioni na Jumapili: leo banda la kuku, kesho kiti, keshokutwa geti la jirani.

Safari hii jirani alikuwa amemwomba kitu kizito zaidi, yaani kichanja cha kuwekea tanki la maji la lita 1,000. Hesabu yake haihitaji chuo kikuu. Lita 1,000 za maji ni tani moja, na hiyo tani itakaa juu, mita tatu hivi, mahali ambapo watoto wanacheza chini yake.

Kaka akaunganisha vipande viwili vya majaribio. Kwa juu mshono haukuwa mbaya. Akaupiga nyundo mara mbili, ukakatika, na ndani yake tukaona matundu tele kama mkate wa kumimina.

"Dogo, si unasoma sayansi wewe? Hebu niambie, hiki nini?"

Nilijua jibu fupi: hewa imeingia. Lakini kaka alikuwa na swali la pili, nalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Kule Arusha alikonunua waya aliambiwa achague gesi: hewa ukaa tupu, mchanganyiko, au arigoni tupu. Bei hazifanani, na kutoka Karatu kwenda Arusha kubadilisha mtungi ni safari ya kilometa 140 hivi. Ukikosea kuchagua, umepoteza siku na hela. Achukue ipi?

Ili kumjibu vizuri ilibidi nirudi nyuma, maana kila mtungi katika duka lile una historia yake. Na sehemu ya historia hiyo, amini usiamini, iko hapa hapa kwetu.

Adui ni hewa tunayovuta

Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Tao la umeme linalolirusha tone la waya kwenye kiungo lina joto kubwa kuliko hilo mara kadhaa. Katika hali hiyo chuma kinakuwa na tamaa: kinameza kila kinachokigusa. Hewa yetu ni naitrojeni asilimia 78 na oksijeni asilimia 21. Naitrojeni inayeyuka ndani ya chuma cha moto kama sukari kwenye chai. Chuma kinapoganda hakiwezi tena kuibeba yote, kwa hiyo inatoka kama mapovu, na mapovu yakikosa njia ya kutokea yanabaki ndani. Hayo ndiyo matundu ya kaka. Inayobaki bila kutoka inafanya mshono uwe mgumu lakini mwepesi kuvunjika. Oksijeni nayo ina balaa lake: inashika chuma na kukifanya oksaidi, ndugu wa kutu, au inakutana na kaboni iliyomo ndani na kutengeneza mapovu mengine.

Kwa hiyo ukiondoa umeme na mashine, historia yote ya kuunganisha vyuma ni historia ya swali moja: utaizuiaje hewa isifike kwenye chuma cha moto?

Wahunzi wa Mang'ola walikwishaanza

Ukishuka kutoka Karatu mjini kuelekea Ziwa Eyasi unafika Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu. Huko wapo wahunzi wa Kidatoga, ambao hadi leo wanafua vichwa vya mishale kutokana na misumari, vingi vikienda kwa majirani zao Wahadzabe, na wanayeyusha shaba nyeupe na njano kutoka kwenye makufuli na mabomba mabovu ili wapate bangili. Watalii huenda kuwatazama, hupiga picha, wakaondoka. Wachache huuliza kwa nini kipande cha chuma huzikwa ndani ya makaa badala ya kuwekwa juu yake tu.

Jibu ni kemia. Mivukuto ya ngozi ya mbuzi inapuliza hewa chini ya makaa. Oksijeni inaliwa na makaa ya mwanzo inayokutana nayo, na gesi inayopanda katikati ya rundo inakuwa na kabonimonoksaidi nyingi, ambayo yenyewe inatafuta oksijeni. Chuma kilichozikwa humo kinapata moto bila kuliwa sana na hewa. Mhunzi hana mtungi wala geji, lakini ana gesi ya kukinga. Anaitengeneza pale pale, kwa mkaa.

Fimbo inayobeba gesi yake

Tuondoke kidogo Eyasi. Mwaka 1881 Nikolai Benardos, mvumbuzi kutoka himaya ya Urusi, alitumia tao la umeme kutoka kwenye kijiti cha kaboni kuunganisha chuma. Mwaka 1888 mwenzake, Nikolai Slavyanov, alitumia kijiti cha chuma chenyewe, ambacho kiliyeyuka na kujaza kiungo. Wazo zuri, lakini mshono ulikuwa uchi katikati ya hewa, na ulikuwa na matatizo yale yale ya kaka yangu.

Msweden Oscar Kjellberg ndiye aliyeivisha fimbo nguo. Alianzisha kampuni ya ESAB mwaka 1904, na miaka michache baadaye akapata hataza ya fimbo iliyopakwa dawa. Dawa ile ikiungua inatoa moshi unaosukuma hewa pembeni, na kinachobaki kinaganda juu ya mshono kama ganda, linalogongwa baadaye kwa nyundo. Fimbo hizo ndizo utakazoziona kwa mafundi wengi wa Karatu leo, pembeni ya barabara ya lami iendayo lango la Ngorongoro, wakitengeneza mageti na keria za magari ya watalii.

Kuna jambo la kupendeza hapa. Baadhi ya fimbo hizo zina chokaa ndani ya dawa yake, yaani kabonati ya kalisi. Chokaa ikipigwa na joto la tao inavunjika na kutoa hewa ukaa. Kwa maneno mengine, mafundi walikuwa wanachomelea ndani ya kingo ya hewa ukaa miaka mingi kabla mtu hajafikiria kuiweka kwenye mtungi kwa kazi hiyo. Shika hilo, tutalirudia.

Gesi zisizojali mtu

Mwaka 1894 Lord Rayleigh na William Ramsay walitangaza kwamba katika hewa kuna gesi ambayo hakuna aliyeijua. Haikutaka kuungana na kitu chochote. Wakaiita arigoni, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu. Ni asilimia 0.93 tu ya hewa. Mwaka uliofuata Ramsay alipata heliamu kutoka kwenye madini yenye urani, gesi ambayo hadi wakati huo ilikuwa imeonekana kwenye mwanga wa jua tu, tangu 1868.

Gesi mvivu ndiyo gesi nzuri ya kukinga: itazunguka chuma cha moto na haitakigusa. Mwaka 1930 wahandisi wawili wa General Electric huko Marekani, Hobart na Devers, walipata hataza za kuchomelea ndani ya gesi za aina hiyo. Lakini zilikuwa ghali mno, na wazo likakaa kabatini.

Vita ndiyo iliyolitoa. Kampuni ya ndege ya Northrop ilitaka kutengeneza ndege kwa magnesiamu, metali nyepesi ambayo ikipata hewa wakati wa moto inawaka kabisa. Mwaka 1941 Russell Meredith, akiwa Northrop, alitumia kijiti cha tangsteni na heliamu kuiunganisha, akaiita njia hiyo Heliarc. Mwaka 1948 taasisi ya Battelle, pia Marekani, ikaendeleza njia ambayo kijiti kisichoyeyuka kiliondolewa na badala yake ukaja waya unaosukumwa mfululizo na kuyeyuka. Hiyo ndiyo MIG, bibi yake mashine ya kaka. Ilianza na aluminiamu, chini ya gesi mvivu.

Kwa nini haikuenda moja kwa moja kwenye chuma cha kawaida? Bei, ndugu msomaji. Arigoni hupatikana kwa kuipoza hewa mpaka iwe maji, kisha kuitenganisha kidogo kidogo. Naitrojeni huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, arigoni 186, oksijeni 183. Angalia jinsi arigoni na oksijeni zilivyokaribiana. Kuzitenganisha ni kazi, na kazi hiyo unailipia ukinunua mtungi. Nani atumie gesi ya ndege kutengeneza geti?

Gesi ya maskini ikaingia

Mwaka 1953 Wasovieti wawili, Lyubavskii na Novoshilov, walitangaza njia ya kutumia waya huo huo lakini ndani ya hewa ukaa. Gesi hii ni rahisi kupatikana, ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu hivi, na inakaa vizuri juu ya kiungo.

Ila ina kasoro moja: si mvivu. Ndani ya tao inavunjika ikawa kabonimonoksaidi na oksijeni, na oksijeni tumekwishaona inafanya nini. Sasa utamleta adui yule yule unayemfukuza? Ujanja ukawa kwenye waya. Wakaongeza manganizi na silikoni, metali na nusumetali zinazoipenda oksijeni kuliko chuma kinavyoipenda. Zinaidaka kabla haijaharibu kitu, kisha zinaelea juu na kuganda kama vijidonge vya kioo cha kahawia. Kaka alikuwa akivikwangua bila kujua ni nini. Waya wake, wenye alama ER70S-6, una manganizi asilimia 1.4 hadi 1.85 kwa sababu hii hasa.

Ndiyo maana Wazungu wa Ulaya hawaiiti njia hii MIG bali MAG, kwa kuwa gesi yake inashiriki kwenye kazi. Mashine ya kaka imeandikwa MIG kwa herufi kubwa nyekundu. Akiweka mtungi wa hewa ukaa, jina hilo linakuwa la uongo, ingawa mshono unaweza kuwa wa kweli.

Volkano zetu ndizo kiwanda

Sasa turudi nyumbani. Hewa ukaa ya mtungi inatoka wapi? Nchi nyingi huikusanya kwenye viwanda, vya pombe au mbolea kwa mfano. Sisi wa Bonde la Ufa tuna njia nyingine: ardhi inatupa yenyewe.

Wilaya ya Ngorongoro ina Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamasai, karibu na Ziwa Natron. Mwaka 1960 mwanajiolojia Barry Dawson alishuka kreta yake, na mwaka 1962 akaandika katika jarida la Nature kwamba lava yake imejaa kabonati ya sodiamu. Duniani kote ndiyo volkano hai pekee inayojulikana kutoa lava ya namna hiyo. Inatoka nyeusi, na joto lake halizidi sana nyuzi 600, nusu tu ya lava za kawaida. Baada ya siku chache inanyonya unyevu na kuwa nyeupe. Kabonati, yaani ukoo mmoja na ile chokaa ya kwenye fimbo. Pamoja na lava, mlima unapumua hewa ukaa: waliopima miaka ya 1990 walikadiria maelfu ya tani kwa siku. Na mwaka 2016 watafiti waliandika katika Nature Geoscience kwamba eneo la Natron na Magadi linatoa tani milioni 4 hivi kwa mwaka, nyingi zikipita kwenye nyufa za ardhi na wala si kwenye mdomo wa volkano.

Hakuna anayejaza mitungi Lengai. Lakini Rungwe, mkoani Mbeya, gesi ya namna hiyo inavunwa kutoka ardhini karibu na mlima Kyejo na kampuni ya TOL Gases, ile iliyokuwa ya kwanza kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998. Kenya nao wanaivuna Kereita, kaunti ya Kiambu, kupitia Carbacid. Wateja wakubwa ni viwanda vya vinywaji. Kwa hiyo mapovu ya soda na kingo ya mshono vinaweza kabisa kuwa na mama mmoja, naye ni volkano.

Na heliamu? Hiyo nayo ipo mlangoni. Inazaliwa taratibu urani na thoriamu zinapooza ndani ya miamba ya kale sana, na joto la Bonde la Ufa linaifukuza itoke. Wanajiolojia walishaiona kwenye chemchemi za moto za Tanganyika tangu enzi ya ukoloni. Mwaka 2016 watafiti wa Durham na Oxford waliutangazia ulimwengu habari za heliamu ya Rukwa, na kampuni ya Helium One ilikuwa na leseni za utafutaji Rukwa, Balangida na Eyasi. Ndiyo, Eyasi ile ile ya wahunzi wa Kidatoga. Gesi iliyofungua njia ya Meredith mwaka 1941 inavuja chini ya watu waliokuwa wakitumia moshi wa mkaa kwa kazi ile ile.

Basi, kaka achukue ipi?

Ukishajua historia, duka la gesi halikutishi tena.

Arigoni tupu ni ya aluminiamu. Ukiitumia peke yake kwenye chuma cha kawaida, tao linatangatanga, mshono unachimba pembeni na unaingia ndani kama kidole chembamba. Unalipa zaidi, unapata kibaya zaidi.

Hewa ukaa tupu ni ya chuma cha kawaida. Inaingia ndani vizuri na bei yake ni ndogo. Gharama yake ni cheche: zinaruka na kuganda pembeni, utapiga grainda.

Mchanganyiko, kwa mfano arigoni 80 na hewa ukaa 20, unatuliza tao na kupunguza cheche. Kwa bati jembamba unasaidia kweli. Kwa bomba nene la kichanja, uzuri wake ni wa macho zaidi.

Jambo lingine ambalo linawachanganya wengi ni geji. Arigoni ndani ya mtungi ni gesi, kwa hiyo ikipungua sindano inashuka. Hewa ukaa ndani ya mtungi ni maji, na shinikizo lake linabaki kwenye bar 57 hivi kwa nyuzi 20 mpaka maji yote yaishe. Sindano haishuki, haishuki, halafu ghafla imekwisha. Ipime kwa mizani, na mtungi usimame wima, usiulaze.

Lakini kwa kaka, tatizo halikuwa chaguo la gesi hata kidogo. Tuliwasha tena mashine huku nikiwa nimeshika kipande cha karatasi karibu na mdomo wake. Karatasi ikapepea yote upande mmoja. Upepo wa jioni wa Karatu mnaujua. Lita 12 za gesi kwa dakika zinapoteremka taratibu juu ya chuma haziwezi kushindana nao. Angeweza kununua arigoni safi ya Dar es Salaam, matundu yangekuwa yale yale.

Akataka kuhamia kwenye stoo, afunge na mlango. Hapo nikamzuia. Kule Goma, watu wanaoishi chini ya Nyiragongo wana neno, mazuku, kwa mabonde ambayo hewa ukaa ya volkano inajikusanya usiku na kuua mifugo na watu. Mwaka 1986 Ziwa Nyos, Kameruni, lilitoa gesi hiyo hiyo na kuua watu kama 1,700. Uzito ule unaoifanya ikae vizuri juu ya mshono ndio unaoifanya ikae chini ya chumba. Na tao linaibadilisha nyingine kuwa kabonimonoksaidi, ambayo ni mbaya zaidi. Arigoni nayo haina harufu na haikuonyi. Kwa hiyo kanuni ni hii: kinga upepo, usifunge hewa. Turubai pande mbili, upande wa tatu na wa nne wazi.

Tuliweka turubai, akajaribu. Mshono wa benchi ukawa mzima, nyundo haikuukata.

Viungo vya chini akavifanya hapo, kwa hewa ukaa. Vile vya juu, ambavyo lazima vichomelewe kichanja kikiwa kimesimama kwenye upepo, tulikwenda kwa fundi mzee wa barabarani kumwomba ushauri. Tukamwamkia, akaitikia, akasikiliza habari zote za Lyubavskii na Lengai kwa uvumilivu mkubwa.

"Mwanangu," akasema, "juu kule tumieni fimbo."

Fimbo inayobeba gesi yake, iliyoganda ndani ya chokaa, upepo usiweze kuipeperusha kirahisi. Teknolojia ya Kjellberg, ya zaidi ya miaka mia moja, ndiyo iliyoshinda pale. Kabla ya kujaza maji, kaka na mimi tulipanda wote wawili juu ya kichanja tukarukaruka. Halafu tukajaza nusu, tukasubiri hadi kesho yake, ndipo tukajaza yote. Watoto bado wanacheza chini.